Kongwa, Mpwapwa au Mkekani kwa Bibi: Uanze na Kisa Kipi cha Kale Ukiwa Dodoma?

Wageni wangu wakifika Dodoma, wakishaona Bunge na kununua zabibu, huniuliza swali moja: "Shangazi, huku kwenu kuna nini cha zamani?" Huuliza kama watu ambao wameshajijibu. Wamekua wakisikia kwamba mambo ya kale yako Bagamoyo, Kilwa na Unguja, na kwamba huku kati ni vumbi, mibuyu na upepo wa kiangazi. Mimi ni mzaliwa wa Mvumi, na jambo hilo linaniuma. Nchi hii imepitiwa na misafara, majeshi, njaa na mitambo, na kila kilichopita kiliacha kisa ambacho mtu akikisikia mara ya kwanza hushika kichwa.

Shida ni kwamba mgeni ana siku moja, mbili akiwa na bahati, na visa ni vingi. Basi nimeona niviweke kimoja pembeni ya kingine, nieleze kila kimoja kina nini, kinamfaa nani, na macho yatakuta nini ukifika. Sitagusa watemi wala majenerali ila pale inapobidi. Ninachotafuta ni yale yaliyowapata watu wa kawaida: mpagazi, dereva wa trekta, mchunga ng'ombe, mama mwenye watoto wanne na kibuyu kitupu.

Kongwa na karanga za Waingereza

Kwa mwenye gari na siku moja, Kongwa ndiko rahisi. Unashika barabara ya Morogoro, ukifika Mbande unaiacha barabara kuu, na safari nzima haifiki kilomita mia moja. Watoto hawachoki njiani, na kisa chenyewe wanakielewa bila kufafanuliwa sana.

Mwaka 1946 vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha, lakini Uingereza watu walikuwa bado wanapimiwa mafuta ya kupikia kwa kadi. Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, akatoa wazo: Afrika Mashariki kuna ardhi, ilimwe karanga, zikamuliwe mafuta. Serikali ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Ujumbe ulizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ukiitazama nchi kutoka kwenye ndege, ukarudi na taarifa iliyojaa matumaini. John Strachey, waziri wa chakula, akaikubali. Mpango ulitaka zaidi ya ekari milioni tatu zisafishwe na kulimwa, kwa pauni milioni 25. Mwaka wa kwanza pekee, 1947, zilitakiwa ekari 150,000.

Mwaka ule ulipokwisha, ekari zilizokuwa zimepandwa ni kama 7,500.

Hapo katikati ndipo kisa kilipo, na hapo ndipo ninapowasimulia wageni polepole. Matrekta yalinunuliwa mitumba, mengine yalikuwa mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, yakafika yakiwa yamechoka. Vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa mitambo ya kung'olea miti. Waliotaka kasi zaidi waliufunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya mitambo miwili, ikawa inaburuzwa sambamba na kuangusha kila kilichosimama. Mbuyu haukuangushwa hivyo kwa urahisi. Tena ndani ya mibuyu mlikuwa na nyuki, na waendesha mitambo walitoka mbio, wengine wakapelekwa hospitali. Mto Kinyasungwe ukafurika ukaharibu reli iliyokuwa ikileta vifaa kutoka Dar es Salaam. Mwaka huohuo, mgomo ulioanzia bandarini Dar es Salaam ulipanda na reli hadi ukafika Kongwa kwa vibarua.

Kuna jambo moja huwa nalisimamia na kulieleza taratibu, kwa sababu ndilo linalobeba kisa chote. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi. Mvua ikinyesha ni tope. Mvua ikikatika jua huuchoma ukawa mgumu kama sakafu ya saruji. Na karanga, kama ajuavyo kila aliyewahi kushika jembe, hukomaa chini ya ardhi. Kwa hiyo hata pale zilipoota na kuzaa, kuzitoa ilikuwa kazi nyingine kabisa. Majembe ya chuma yaliliwa na mchanga wa udongo ule yakaisha kama sabuni. Baadaye wakajaribu alizeti, ukame ukaikausha. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango, na zaidi ya pauni milioni 36 za walipa kodi wake zikafutwa kwenye vitabu.

Mwanamke yeyote wa Kigogo wa mwaka 1946 angeweza kuwaambia kwamba mvua ya huku haina ahadi. Hilo ndilo linalonigusa kila nikisimama pale. Watu waliokuwa wanaishi na hali ya hewa ile, na waliokuwa na majina ya njaa zao vizazi na vizazi, walikuwa hatua chache kutoka kwenye kambi ya wataalamu.

Ukifika utaona nini? Nisikudanganye: kwa macho, si vingi. Utaona tambarare pana ajabu, malisho, na ng'ombe wa ranchi iliyokuja kuanzishwa kwenye ardhi ile. Reli ya tawi iliyotoka Msagali iling'olewa zamani. Kisa hiki kinahitaji msimulizi aliyesimama uwanjani. Bila msimulizi utaona nyasi tu.

Lakini Kongwa ina kisa cha pili juu ya cha kwanza, na hiki ndicho kinachoipa ushindi kwa vijana. Walipoondoka Waingereza, majengo yalibaki. Kuanzia mwaka 1964 Tanzania ikawapa eneo hilo wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe, MPLA ya Angola. Samora Machel alikuwa pale. Chris Hani alikuwa pale. Vijana waliokimbia makwao walifanya mazoezi, walilima, walichota maji, walizoeana na watu wa Kongwa, na wengine walipata watoto huko. Yapo makaburi ya waliofia kambini kabla ya kuuona uhuru waliouendea. Mpwa wangu mmoja, kijana wa kidato cha tatu ambaye kwa kawaida haachi simu mkononi, alikaa mbele ya makaburi yale kimya mpaka nikamgusa bega.

Mpwapwa na njia ya misafara

Mpwapwa iko mbele kidogo ya Kongwa, na ukijikaza unaweza kuunganisha zote mbili kwa siku moja. Mimi sipendekezi. Kongwa ni kisa cha miaka minne. Mpwapwa ni cha karne nzima na kinataka utulivu. Kinamfaa mtu anayependa kufikiri, mwenye subira ya kutazama mlima na mto akajaza mwenyewe yaliyobaki.

Kabla ya reli, njia ya kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa. Mpwapwa ilikuwa kituo cha kupumzika: maji, kivuli na chakula. Mbele yake, ukishapita Chunyo, lilikuwa linakusubiri pori la Marenga Mkali, yaani maji machungu, karibu kilomita hamsini za ukame. Misafara ililivuka kwa kutirikeza, kuanza mwendo alasiri na kulala porini bila maji ili kesho yake wafike upande wa pili. Mpagazi alikuwa na mzigo wa kilo thelathini hivi kichwani au begani. Aliyeanguka njiani, mara nyingi hakuna aliyerudi kumfuata.

Ukilimaliza pori unaingia Ugogo, na hapo unalipa hongo, yaani ushuru wa kupita. Wazungu waliopita, Burton na Speke mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, wameandika kurasa na kurasa kulalamikia hongo ya Wagogo. Kila mtemi alitaka nguo zake, merikani na kaniki, na ushanga. Vitabu vingi viliwafuata, vikawaita watemi wale wanyang'anyi. Nami kila nikipata nafasi huwaambia wageni walitazame jambo hili kutoka kisimani. Katika nchi isiyo na mto wa kudumu, msafara wa watu mia kadhaa unaoingia kwenye kisima cha kijiji unakunywa maji ambayo ng'ombe na watoto wangeyatumia kwa wiki kadhaa. Hongo ilikuwa bei ya maji na chakula, na aliyeiweka ndiye aliyechimba kisima.

Visa viwili vya njia hii huwa navisimulia pamoja, kwa sababu kimoja kinaangaza kingine. Vyote viwili ni vya maiti.

Cha kwanza ni cha William Farquhar, Mskoti aliyeajiriwa na Stanley katika safari ya kumtafuta Livingstone. Alivimba miguu, akawa hawezi kutembea wala kupanda punda. Mei 1871 Stanley akamwacha Mpwapwa kwa mkuu wa kijiji, pamoja na mtu wa kumuuguza, akaendelea na safari. Farquhar akafa muda mfupi baadaye. Stanley aliporudi mwaka 1872 aliambiwa mwili ulivutwa porini ukaachwa huko bila kufukiwa. Walitafuta wasikute hata mfupa. Watu wa msafara wakabeba mawe na kujenga rundo liwe alama ya kaburi ambalo ndani yake hakuna mtu.

Cha pili ni cha Livingstone mwenyewe. Alikufa mwaka 1873 kwa mtemi Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiwamo Chuma na Susi, walizika moyo wake chini ya mti, wakauweka mwili chumvi, wakaukausha juani kwa wiki mbili, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakaanza kuubeba kuelekea pwani. Walipofika Tabora wakakutana na Wazungu waliotumwa kumsaidia Livingstone. Mkuu wao, Cameron, akawashauri wamzike palepale. Wakakataa.

Mbele ya Tabora, mahali palipoitwa Kasekera, wenyeji walisema maiti haipiti. Sikiliza walichofanya. Walitangaza wamekubali, watairudisha Tabora ikazikwe. Wakatengeneza mzigo wa mabua ya mtama, wakauvika kama maiti, na watu sita wakaondoka nao kwa huzuni yote ya msiba. Usiku walipofika porini wakayatupa mabua moja moja, hapa na pale, hata mzigo ukaisha, kisha wakarudi kwa wenzao kwa njia za kificho. Huku nyuma mwili wa kweli ulikuwa umefungwa upya ukafanana na mtumba wa nguo wa biashara. Ukapita kama bidhaa. Februari 1874 ulifika Bagamoyo, na Aprili 18 ukazikwa Westminster, London.

Tofauti ya wafu hawa wawili imekaa kwa walio hai waliowazunguka. Mmoja aliachwa na mwajiri mwenye haraka. Mwingine alikuwa na watu walioishi naye miaka mingi, waliokuwa tayari kucheza mchezo wa hatari kwa ajili ya mwili wake. Majina ya Chuma na Susi yamebaki. Wale sita waliobeba mabua usiku ule, wakiiga kilio cha msiba mchana na kutembea gizani bila njia, ndio ninaowafikiria zaidi.

Mpwapwa iliendelea kuona mambo. Wamisheni wa Kianglikana walifika miaka ya 1870. Wajerumani wakaweka kituo, na mwaka 1889 Bushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani wa pwani, aliwafuata mpaka huku na kukivunja. Wissmann, kamanda wa Wajerumani, akaja kukijenga upya, na Novemba mwaka huo Stanley alipita tena, safari hii akiwa na Emin Pasha, gavana wa Equatoria aliyekwenda kumwokoa. Kabla mwezi wa kumi na mbili haujaisha Bushiri alikuwa amenyongwa Pangani.

Kwa macho, Mpwapwa inaishinda Kongwa. Milima ipo, maji yapo, miti mikubwa ipo, na ukitazama upande wa Chunyo unaelewa kwa nini mtu aliyetoka pwani kwa mguu alishukuru kufika. Mkulima au mfugaji ataongeza jambo jingine: huko ndiko ilikotafitiwa na kuzalishwa aina ya ng'ombe inayoitwa kwa jina la mji huo. Lakini usiwapeleke watoto wadogo. Watakuuliza kipo wapi cha kuona, nawe utaonyesha mlima.

Singida, Kondoa, na pale ambapo mimi siendi

Singida ina kisa cha giza kuliko vyote, na ndiyo maana nakiandika kwa kifupi. Kati ya mwaka 1946 na 1948 watu wengi waliuawa huko katika mauaji yaliyoonekana kama ya simba. Ikasemwa si simba, ni watu: kwamba kuna wanaofuga watu-simba na kuwakodisha kwa mwenye kisasi. Polisi wakaingia, kesi zikasikilizwa, wapo waliohukumiwa kunyongwa. Mwaka 1962 Harold Schneider, mtaalamu wa mila aliyeishi na kufanya utafiti kwa Wanyaturu, aliandika kuitazama upya habari nzima, na ni jambo jema alifanya hivyo, kwa kuwa katika kesi za namna hii ushahidi, hofu na uvumi hulala kitanda kimoja. Kisa hiki kinawafaa watu wazima walioketi kuzungumza kwa makini. Usikifanye hadithi ya kutishia watoto usiku. Nchi yetu imepoteza vikongwe wengi kwa tuhuma za uchawi, na kila kisa cha aina hii kikisimuliwa kwa mbwembwe huongeza kuni kwenye moto huo.

Kondoa ni kwa anayepita kwenda Babati na Arusha. Michoro ya miambani ya Kolo iliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, na watu wengi wanaijua. Wachache wanajua kwamba mwaka 1979 serikali, kupitia mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, iliamuru mifugo yote iondoke katika eneo lililoliwa na mmomonyoko. Yote: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Fikiria asubuhi ya mji wa mfugaji bila mlio hata mmoja zizini. Ardhi ilirudi, nyasi zikaota, miti ikasimama. Lakini familia zililipa. Ukisimama ukingoni mwa yale makorongo mekundu unaona sababu na gharama kwa pamoja, na kwa hilo Kondoa inastahili saa mbili zako.

Igandu siendi. Juni 24, 2002 treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma kwa kasi bila breki na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Wageni hunitajia Igandu kwa sababu wameisoma. Nawaambia wenye msiba bado wako hai, wengine tunasali nao kanisa moja. Hapo bado ni matanga.

Mtunya, ambayo haina mahali

Sasa nimefika kwenye kisa ambacho mimi ningekitanguliza mbele ya vyote, ingawa hakina kibao barabarani, hakina jengo, na huwezi kukipanga kwenye ramani ya simu.

Wagogo huzipa njaa majina. Ile ya mwishoni mwa vita vya kwanza vya dunia huitwa Mtunya, neno linalobeba maana ya kugombania, watu kunyang'anyana kilichopo. Ilianza na vita. Aprili 1916 majeshi ya upande wa Waingereza, wapanda farasi kutoka Afrika Kusini chini ya van Deventer, yaliingia Kondoa. Mwishoni mwa Julai yakaichukua Dodoma. Kabla yao Wajerumani walikuwa wameshachukua ng'ombe na nafaka za watu kulisha askari wao. Waliokuja wakachukua vilivyosalia. Wanaume walikamatwa kuwa wapagazi wa jeshi. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam linatokana na hao, Carrier Corps. Tunapokwenda kununua vitunguu na vitenge pale tunalitaja jeshi la wabeba mizigo bila kujua.

Kwa hiyo mvua ilipogoma, nyumba nyingi za Ugogo hazikuwa na ng'ombe wa kuuza, hazikuwa na akiba ghalani, na hazikuwa na mikono ya kulima. Kisha mwishoni mwa mwaka 1918 yakaja mafua makali yaliyozunguka dunia nzima, yakaikuta miili iliyokwisha kukonda. Wanahistoria waliochunguza njaa ile wanakadiria kwamba kati ya watu kama 150,000 wa Ugogo, 30,000 walikufa. Mmoja katika kila watano. Hesabu watu wa nyumba yako mezani leo usiku, utoe mmoja.

Haya ni ya vitabuni. Ya nyumbani kwetu niliyapata kwa sababu ya ngozi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na ngozi ya ng'ombe ya kulalia. Wajomba walimnunulia kitanda na godoro; kitanda alikiwekea nguo, akaendelea na ngozi yake chini. Aliikunja kila asubuhi, aliipaka mafuta, hakuiacha juani. Sisi wajukuu tulidhani ni mazoea ya uzee. Siku moja nikiwa darasa la sita nilimuuliza, "Bibi, kwa nini huitupi?" Akanijibu kwamba mama yake aliila ya kwake. Aliloweka, akachuna manyoya, akachemsha siku nzima, wakanywa mchuzi wake na watoto, na kipande kigumu wakatafuna. Walipomaliza ya kulalia wakala kamba za ngozi. Kaka yake mkubwa alipelekwa kwa watu wa mbali waliokuwa na mtama, akabadilishwa kwa chakula, aje kukombolewa mvua ikirudi. Mvua ilirudi. Kaka hakurudi.

Bibi alizaliwa miaka zaidi ya kumi baada ya Mtunya. Hakuiona. Lakini alilala juu ya akiba yake mpaka alipofariki.

Nikiiweka Mtunya pembeni ya Kongwa, naona kitu ambacho hakuna kisa kimoja kinaweza kukionyesha peke yake. Mara ya kwanza wageni walikuja wakachukua chakula cha nchi hii kulisha majeshi yao. Mara ya pili, haijapita hata miaka thelathini, wakaja kutafuta mafuta ya kulisha miji yao, katika nchi ileile ambayo njaa yake walikuwa wameiona kwa macho. Kongwa ina makabrasha, mijadala ya bunge la London, picha za matrekta, hasara iliyohesabiwa hadi pauni. Mtunya haina hata jiwe moja kama lile rundo la Farquhar. Imekaa kwenye vinywa vya wazee, na wale waliosimuliwa na walioiona wenyewe sasa wana miaka themanini na kuendelea.

Ndiyo sababu nasema ianze hiyo, kama una mzee. Mlima wa Mpwapwa utakuwepo mwakani. Tambarare ya Kongwa itakuwepo.

Jinsi ya kuchagua, kwa uwazi

Ukiwa na watoto wa shule ya msingi na vijana, nenda Kongwa. Ondokeni asubuhi mapema, bebeni maji ya kutosha, na msimulizi awe amejiandaa kabla, kwa kuwa eneo lenyewe halisemi. Anzeni na karanga, malizeni kwenye makaburi.

Ukiwa peke yako au na rafiki mnayependa kuzungumza, Mpwapwa, na ulale huko. Jioni yake ni ya baridi na ni nzuri. Ukiwa mwalimu wa historia ningekusihi uchague Mpwapwa hata kama ni mbali kidogo, kwa sababu hakuna mahali pengine karibu na Dodoma ambapo misafara, watumwa waliopitishwa kwenda pwani, wamisheni na ukoloni vinapita kwenye bonde moja.

Kondoa iunganishe na safari nyingine. Singida isome kwanza ukiwa umetulia, na ukienda usiwaulize watu mambo hayo sokoni.

Na ukiwa na bibi, babu au mama mkubwa aliyezaliwa Ugogo, acha gari. Mpelekee sukari na majani ya chai, na kama anatumia, ugoro. Msalimie kwa Kigogo, "Mbukwenyi," hata kama matamshi yako yatamchekesha. Usianze na neno Mtunya. Ni zito, na wengine hulifunga mlango ukilitaja kwanza. Uliza habari ya chakula. Mvua ikigoma mlikuwa mnakula nini? Atakuambia unga wa ubuyu na mbegu zake, mizizi, mlenda wa porini uliokaushwa. Muulize nani alimfundisha kuijua mizizi ile, kwa maana ipo inayoua isipochemshwa sawasawa. Hapo ndipo majina ya watu yanaanza kutoka, na nyuma ya majina, miaka. Washa kinasa sauti cha simu kwa ruhusa yake. Usimharakishe anaponyamaza.

Mwaka juzi tulijaribu kuviunganisha. Mama mkubwa wangu, dada wa mama, alikaa nasi Ijumaa jioni akasimulia ya ngozi na ya yule kaka, kwa namna tofauti kidogo na nilivyoyapokea mimi kwa bibi; kwake kaka alikuwa na jina, na alipelekwa upande wa Uhehe. Kesho yake tukampandisha kwenye gari na watoto, tukaenda Kongwa. Nilisimama kwenye nyasi nikawaeleza wote habari ya Wakefield na ndege yake, mnyororo wa nanga, nyuki, udongo, zile pauni milioni 36. Mama mkubwa alikuwa ameegemea mlango wa gari, kitenge kichwani kwa ajili ya jua, akitazama tambarare ile bila kupepesa.

Nilipomaliza akauliza, "Na hao waliokuja kulima, habari ya mvua walimuuliza nani?"